Hesabu za Septemba

Tihomir amekalia risiti za maduka,
mimi nimeshika penseli.
Mezani kuna bati la biskuti, ndani yake dinari
zilizokunjwa ndogondogo kama barua za mapenzi,
na kikokotoo cha marehemu kaka yake
ambacho saba yake haibonyezeki.
Tumeshazoea:
tunaandika sita, halafu moja.

Tunakwenda Montenegro.
Nasema "tunakwenda" ili penseli isikie.

Nchi yenyewe ni kiganja.
Lakini nilipokuwa na miaka kumi na miwili
haikuwa nchi ya watu, ilikuwa pwani yetu.
Kiwanda cha nguo cha Leskovac kilitupakia kwenye basi,
mama zetu na mito yao,
tukalala wiki mbili kwenye vitanda vya chuma,
na supu ilikuwa bure, na bahari ilikuwa bure,
na hakuna aliyeniomba pasi.
Kiwanda kimekufa. Vitanda, sijui.
Sasa kuna askari wa mpaka, kuna yuro,
na bahari ni ileile, imehamia ng'ambo
bila kusogea hata shubiri.

Haya, tuandike.
Treni ya usiku, Belgrade hadi Bar,
kwa punguzo la wazee: hapo uzee unalipa,
mara moja kwa mwaka.
Behewa la kukaa, si la kulala.
Tihomir anasema mgongo wake hautaki.
Namwambia mgongo hauna kura katika nyumba hii.
Mayai ya kuchemsha, kumi na mawili.
Mikate miwili, na chupa ya rojo la pilipili hoho
nililopika mwenyewe.
Kahawa yetu, kijiko chetu,
kwa sababu kikombe kimoja pale ufukweni
kinameza mkate wa siku tatu hapa.
Mwavuli wa kukodi: hapana.
Tuna shuka, tuna fimbo mbili za kusimamishia nyanya.
Aiskrimu: moja.
Tihomir akaangalia dirishani.
Nikafuta, nikaandika mbili.

Chumba ndicho kilichotutoa jasho.
Penseli ilifika hapo ikavunjika ncha,
nikaichonga kwa kisu cha jikoni, ikavunjika tena.
Mtu hujikuna ajipatapo,
na mkono wetu unaishia stesheni ya Podgorica.

Nikampigia Vidosava wa Sutomore,
mwenye vyumba saba vya kupangisha.
Akanitajia bei ya Agosti, nikacheka.
Akanitajia ya Septemba, nikanyamaza.
Kile cha nyuma, akasema, kinatazama mapipa ya taka,
lakini ukipanda juu ya kiti bafuni
utaona bluu kidogo.
Bluu kidogo ni yuro ngapi? nikauliza.
Akacheka yeye.
Tukazungumza magoti, tukazungumza watoto walio Vienna,
mpaka akaanza kulilalamikia jua:
linababua magodoro, wageni wanagomba,
na fundi wa mapazia wa pale mjini
anatoza kama daktari wa meno.

Nikakohoa.
Miaka thelathini na mmoja, nikamwambia,
nimekaa nyuma ya cherehani.

Basi ndivyo ilivyokuwa.
Cherehani ndogo itasafiri miguuni mwa Tihomir,
imefungwa blanketi, mgongo usiulizwe.
Malazi ya siku tano kwa mapazia ya vyumba saba.
Kitambaa juu yake, uzi juu yangu.

Sasa Tihomir anataka kunikokotolea muda.
Kulipima dirisha moja, dakika ngapi?

Vyumba sita vinatazama bahari.
Sita, halafu kimoja.
Nitasimama kwenye kila dirisha na utepe wangu wa kupimia,
mikono juu, kama mtu aliyekamatwa,
kabla sijaifunika bahari ya watu
kwa kitambaa cha maua.

Dakika ngapi? anauliza tena. Penseli iko kwake.
Inategemea dirisha, nasema.
Anaandika hivyohivyo, kwenye safu ya matumizi,
chini ya aiskrimu mbili.